Ronald Gideon Ngala: Mwalimu wa Pwani na Neno Majimbo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii yafaa kutangulia maisha ya Ronald Gideon Ngala, kwa sababu historia ya uhuru wa Kenya imezoea kuwafuata walioshinda, naye Ngala alisimama upande ulioshindwa. Wengi wanaolitaja jina lake siku hizi hulitaja kwa sababu ya barabara. Abiria hushuka matatu katika Barabara ya Ronald Ngala jijini Nairobi, na Mombasa nako ipo barabara yenye jina hilo, lakini ni wachache wanaomjua mtu mwenyewe. Kabla ya kuwa mwanasiasa, Ngala alikuwa mwalimu, na kabla ya kuongoza chama alikuwa ameandika kitabu kwa Kiswahili. Fauka ya hayo, chama alichokiongoza ndicho kilicholiingiza neno moja la Kiswahili katika mjadala wa katiba ya Kenya, nalo halijaacha kuzua mabishano hadi leo. Neno hilo ni majimbo. Makala haya yanaangazia safari yake kutoka darasani hadi bungeni, pamoja na swali aliloliacha bila jibu, yaani jamii ndogo italindwaje katika nchi moja?

Kuzaliwa na Elimu

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika nchi ya Wagiriama, Wilaya ya Kilifi. Wagiriama ni mojawapo ya jamii tisa zinazojumuishwa katika jina Mijikenda. Nyingine ni Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana na Waribe. Mazingira aliyozaliwa yalikuwa bado na kidonda kibichi. Miaka ya 1913 na 1914 Mekatilili wa Menza alikuwa amewaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, nao Waingereza wakajibu kwa bunduki. Kaya Fungo, kitovu cha ibada na mila za Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, na watu wakafukuzwa kutoka mashamba yao ya kaskazini mwa mto Sabaki. Mtoto aliyezaliwa baada ya miaka michache tu alikua akisikia habari za ardhi iliyopotea zikisimuliwa na watu walioipoteza wenyewe.

Njia iliyokuwa wazi kwa kijana mwerevu wa wakati huo ilikuwa shule ya misheni. Kanisa la Anglikana lilikuwa na kituo chake Kaloleni, na hapo ndipo Ngala alipoanzia masomo yake. Baadaye aliendelea Shimo la Tewa, kisha akajiunga na Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, shule iliyowalea wengi waliokuja kushika hatamu za nchi. Kutoka hapo alikwenda Chuo cha Makerere nchini Uganda, akapata stashahada ya ualimu. Kwa kijana wa Kilifi wa zama hizo safari hii haikuwa ndogo. Wapwani Waafrika waliofika Makerere wakati huo walikuwa wachache mno, na ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima ambazo serikali ya kikoloni ilimruhusu Mwafrika msomi kuifanya.

Ualimu na Uandishi

Ngala alirudi Pwani akafundisha. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Mbale katika milima ya Taita, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa. Kazi hizo mbili zilimpa kitu ambacho mwanasiasa hawezi kukinunua. Kule Taita aliishi na watu wasiokuwa Wagiriama na akajua shida zao. Kule Mombasa aliishi katika mji wa bandari, mahali ambapo Mswahili, Mwarabu, Mhindi, Mmijikenda na mfanyakazi kutoka bara walipanga nyumba mtaa mmoja na kugombea kazi moja. Mwalimu mkuu wa shule ya Waafrika katika mji kama huo alikuwa pia mwandishi wa barua za watu, msuluhishi na mshauri. Wazazi walimjua, na wanafunzi wake walitawanyika vijijini wakiwa na jina lake midomoni.

Mwaka wa 1949 shirika la Eagle Press la Nairobi lilichapisha kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Kichwa chenyewe chatosha kumwonyesha msomaji mambo mawili yaliyomshughulisha, kwani nchi inatangulia na desturi zinafuata. Jambo la kuzingatiwa zaidi na wanafunzi wa Kiswahili ni lugha aliyoitumia. Hakuandika kwa Kigiriama, ambacho kingesomwa na watu wa kwao peke yao, wala kwa Kiingereza, ambacho kingesomwa na watawala. Aliandika kwa Kiswahili, na kwa uamuzi huo akamweleza Mtaita, Mkamba na Mluo kwamba Wagiriama wapo na wana utaratibu wao wa maisha. Ni dhahiri kwamba hapa ipo mbegu ya siasa yake ya baadaye, kwani kabila lililoelezwa kwa lugha ya wote halijitengi na wenzake, bali linaomba kutambuliwa nao.

Kuingia Siasa

Ili kuielewa siasa ya Ngala ni sharti kukumbuka sheria ya wakati huo. Serikali ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, na mwaka uliofuata ikakipiga marufuku chama cha KAU. Mnamo 1955 iliruhusu Waafrika waunde vyama tena, lakini viwe vya wilaya tu, wala si vya nchi nzima. Matokeo yake yalikuwa kwamba viongozi wa kizazi hicho walijifunza siasa ndani ya mipaka ya wilaya na makabila yao. Baadaye walilaumiwa kwa ukabila, lakini ua waliolelewa ndani yake lilijengwa na mkoloni.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika mwezi wa Machi 1957. Haukuwa uchaguzi wa mtu mmoja kura moja. Kisomo, mali, umri na utumishi ndivyo vilivyoamua nani apige kura, na mpigakura aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Viti vilikuwa vinane. Ngala alishinda kile cha Pwani. Wenzake walikuwa Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Lawrence Oguda wa Nyanza ya Kusini, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani. Odinga, Muliro, Moi na Mate nao walikuwa wameshika chaki kabla ya kushika siasa, hivi kwamba kundi hilo la kwanza lilifanana na chumba cha walimu. Wanane hao waliungana, wakaikataa katiba iliyompa Mwafrika viti vichache kuliko haki yake, na wakakataa kuchukua vyeo vya uwaziri chini yake.

Katika kundi hilo lenye ndimi kali, Ngala alijulikana kwa upole na subira. Sifa hiyo ndiyo iliyomfaa ulipofika mwaka wa 1960. Wajumbe Waafrika waliokwenda London katika mkutano wa kwanza wa katiba kwenye jumba la Lancaster walikuwa wamegawanyika, na hawakuweza kukubaliana juu ya Mboya wala Odinga. Wakamchagua Ngala awe kiongozi wa ujumbe, naye Mboya akawa katibu. Mwalimu wa Kaloleni aliongoza ujumbe uliorudi na ahadi kubwa, kwamba Waafrika wangekuwa wengi katika Baraza la Kutunga Sheria. Tangu siku hiyo haikuwa tena swali kama Kenya itajitawala, bali ni nani atakayetawala na kwa utaratibu gani.

KADU na Hoja ya Majimbo

Umoja wa London haukudumu. Mwaka huohuo wa 1960 chama cha KANU kiliundwa Kiambu, na Ngala akachaguliwa kuwa mweka hazina ilhali yeye mwenyewe alikuwa nje ya nchi. Alikikataa cheo hicho. Mwezi wa Juni viongozi wa vyama vidogo vya Pwani, vya Wakalenjin, vya Wamaasai na vya Waluhya walikutana Ngong wakaunda KADU. Ngala akawa kiongozi wake, na Muliro naibu wake. Hofu iliyowakutanisha ilikuwa moja. Waliona kwamba KANU imeegemea jamii mbili kubwa, Wakikuyu na Waluo, na kwamba serikali yenye nguvu zote Nairobi ingeyaweka mashamba na kazi mikononi mwa walio wengi. Wapiganapo fahali wawili, nyasi huumia, nao viongozi wa KADU hawakutaka watu wao wawe nyasi.

Uchaguzi wa Februari 1961 uliipa KANU viti 19 na KADU viti 11. KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala alichukua njia nyingine. Mwezi wa Aprili alikubali kuunda serikali akisaidiwa na chama cha Michael Blundell na wajumbe walioteuliwa na Gavana, naye akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Hakuna tendo lililomletea lawama kubwa zaidi kuliko hili. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa walowezi, na lawama hiyo haikuwa bila msingi, kwa kuwa serikali yake isingesimama hata siku moja bila kura za Wazungu. Hata hivyo, ni katika kipindi cha serikali hiyo ambapo Kenyatta alijengewa nyumba Gatundu na kuachiliwa mwezi wa Agosti 1961. Ngala alipata jambo alilolitaka, lakini sifa zilikwenda kwingine.

Mwaka huohuo KADU ilitangaza mpango wake wa majimbo. Ulipendekeza kwamba nchi igawanywe katika majimbo, kila moja liwe na baraza lake lililochaguliwa na watu, liwe na sauti juu ya ardhi, elimu na polisi, na kwamba iwepo Seneti ya kuyalinda. Mtaalamu wa katiba kutoka Uswisi aliletwa kuupa mpango huo umbo la kisheria. Katika mkutano wa pili wa Lancaster mwaka wa 1962 Waingereza walikubali sehemu kubwa ya madai hayo. Serikali ya mseto iliundwa, Kenyatta na Ngala wakawa mawaziri wa nchi wenye kushughulikia katiba, kila mmoja akilikokota jahazi upande wake. Katiba iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa na majimbo saba pamoja na Nairobi, na Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi.

Jambo la kuvutia ni kwamba neno lenyewe halikutafsiriwa. Magazeti ya Kiingereza, maafisa wa kikoloni na wanasheria wa London wote walisema majimbo. Wakati huo Kiswahili kilikuwa bado hakiruhusiwi katika mijadala ya bunge, na hakikuruhusiwa hadi 1974, lakini neno hilo moja lilikuwa limekwisha kupenya likakaa katikati ya ukumbi.

Suala la Ukanda wa Pwani

Pwani ilikuwa na tatizo lisilokuwepo kwingine. Tangu 1895 ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar kisheria, ukitawaliwa na Waingereza kwa mkataba. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya wakazi wake, hasa Waarabu na Waswahili, walianzisha vuguvugu la Mwambao, wakitaka ukanda huo ujitawale au urudi Zanzibar. Wamijikenda waliokaa nyuma ya ukanda huo, na wengi walioishi ndani yake bila hati, waliliona dai hilo kuwa kurudishwa chini ya mabwana wa zamani.

Hapa Ngala alilazimika kutembea juu ya uzi. Aliitaka Pwani yenye mamlaka yake, lakini hakuitaka Pwani iliyokatwa kutoka Kenya. Kwake yeye majimbo yalikuwa jibu kwa pande zote mbili, maana Mwarabu wa Lamu na Mgiriama wa Kaloleni wangekaa katika jimbo moja ndani ya nchi moja. Tume ya James Robertson ilipendekeza mwaka wa 1961 kwamba ukanda huo uunganishwe na Kenya, na mwezi wa Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walitia sahihi makubaliano ya kuumaliza mkataba wa zamani. Mahakama za Kadhi zililindwa, na hati za ardhi zilizokuwa zimeandikishwa zikatambuliwa. Kifungu hicho cha mwisho kilimgusa moja kwa moja mkulima wa Kimijikenda. Aliyekuwa na hati alibaki nayo, na asiyekuwa nayo aliingia katika uhuru akiwa maskwota juu ya udongo aliouita wa babu zake.

Kuvunjwa kwa KADU

Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda kwa wingi mkubwa wa viti, na Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni. KADU ilishika mabaraza ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, naye Ngala akawa Kiongozi wa Upinzani. Serikali mpya haikuwa na nia ya kuyalea majimbo. Katika mkutano wa tatu wa London, mwezi wa Septemba na Oktoba 1963, ilipata mabadiliko yaliyorahisisha kuirekebisha katiba. Baada ya Kenya kuwa huru tarehe 12 Desemba 1963, mabaraza ya majimbo yalicheleweshewa fedha na madaraka yaliyoandikwa katika katiba. Baraza lisilo na hazina ni kama mtumbwi usio na kafi, huelea lakini haufiki popote.

Wakati huohuo wabunge wa KADU walikuwa wakivuka mmoja baada ya mwingine kwenda upande wa serikali. Kwa mbunge wa nyuma ya bunge, upinzani ulimaanisha eneo lake kukosa barabara na shule, na yeye mwenyewe kukosa cheo. Ilipofika tarehe 10 Novemba 1964, Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na kwamba yeye na waliosalia wanajiunga na KANU. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na katiba ya majimbo ikaanza kubomolewa kifungu kwa kifungu. Seneti yenyewe iliunganishwa na bunge miaka miwili baadaye.

Tendo hilo limehukumiwa kwa njia mbili. Wapo wanaolitazama kama kujitoa mhanga kwa ajili ya umoja wa taifa changa, kwa kuwa KADU ilikuwa imewahi kutishia kujitenga, na nchi ingeweza kuingia katika umwagaji damu. Wapo pia wanaoliona kuwa kuwaacha wafuasi jangwani, kwa sababu watu wa Pwani walimpigia kura Ngala ili awalindie majimbo, wala hawakuulizwa alipoyaachilia. Hukumu zote mbili zina ukweli ndani yake. Ngala aliona kwamba ngome yake haina walinzi tena, akaamua kufungua lango mwenyewe kabla halijavunjwa. Lakini kwa kulifungua aliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, hata kabla ya sheria kusema hivyo.

Uwaziri na Kifo

Tuzo ya kujiunga na KANU haikuja kwa upesi. Moi, aliyekuwa mwenzake katika KADU, aliingia katika baraza la mawaziri Desemba 1964 na kuwa Makamu wa Rais mwezi wa Januari 1967. Ngala alisubiri. Katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966, uliokusudiwa kumpunguzia Odinga nguvu, KANU iliunda vyeo vya makamu wa rais wa chama kwa kila mkoa, na cheo cha Pwani kikamwendea Ngala. Mwaka huohuo akawa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii, na baadaye Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Mtu aliyetaka mamlaka ya Pwani yatoke kwa Wapwani alikuwa sasa mwakilishi wa Nairobi katika Pwani. Nyumbani nako hakupumzika, kwani siasa za KANU mjini Mombasa zilikuwa za mivutano isiyokwisha.

Tarehe 12 Desemba 1972, siku ya sherehe za Jamhuri, gari lake lilipata ajali karibu na Konza katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Alilazwa hospitalini Nairobi na kufariki siku ya Krismasi, 25 Desemba, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Maelezo kwamba nyuki waliingia garini na kumsumbua dereva hayakuwaridhisha wengi, na minong'ono ikaendelea Pwani kwa miaka mingi. Mwanawe, Noah Katana Ngala, alikuja kuwa mbunge na waziri.

Hitimisho

Baada ya Ngala kufa, neno majimbo lilipata maisha yake lenyewe, nayo hayakuwa mema. Katika miaka ya 1990 lilitumiwa na wanasiasa waliotaka kuwafukuza majirani kutoka Bonde la Ufa, na ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilifanyika katika mkoa wake mwenyewe. Kwa Wakenya wengi neno hilo likawa na maana ya kila mtu arudi kwao. Ndiyo sababu waliotunga katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 waliliepuka. Walirudisha mabaraza yaliyochaguliwa na watu, wakarudisha Seneti, wakagawa nchi katika kaunti 47, na mpango wote ukaitwa ugatuzi.

Itakuwa makosa kudai kwamba kaunti ni majimbo yale yale, kwani mipaka, hazina na mamlaka ni tofauti. Hata hivyo, hoja iliyozizaa ni ileile iliyopigiwa kura ikashindwa mwaka wa 1963. Katiba ya 2010 iliweka kiwango cha chini cha fedha ambacho serikali kuu haiwezi kuzinyima kaunti, na hilo ndilo fundisho lililopatikana kwa gharama ya KADU. Suala la maskwota wa Pwani lilimshinda Ngala, na kaunti pekee hazikutosha kulimaliza.

Kumtukuza Ngala kupita kiasi kungekuwa kumdhulumu, kama vile kumwita kibaraka na kuishia hapo. Alishirikiana na walowezi, akakivunja chama chake, akaketi katika serikali iliyobomoa alichojenga. Lakini ndiye aliyeuliza mapema, kwa upole wa mwalimu anayemtazama mtoto wa nyuma darasani, kama uhuru utamfikia yule ambaye kabila lake ni dogo na hati ya shamba hana. Waliomshinda hawakulijibu swali hilo, walilinyamazisha tu, na nusu karne baadaye nchi ililazimika kuliandikia katiba mpya.